Tokyo Iliyochorwa Juu ya Ghuba: Kwa Nini Mji wa Tange Haukujengwa?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mipango miji, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Darasani tulionyeshwa mpango wa Kenzo Tange, msanifu wa Kijapani, wa mwaka 1960: mji wa Tokyo unatoka ufukweni na kuvuka ghuba, barabara na majengo yakiwa yamesimama juu ya maji, hadi ng'ambo ya pili. Mhadhiri akasema ni ndoto iliyoshindikana, akaendelea na mengine. Je, ilishindikana kwa sababu teknolojia ya wakati ule ilikuwa haijafika? Na kama leo imefika, kwa nini miji iliyobanwa isitoke baharini namna ile? Mradi wangu wa mwisho ni wa ufukweni. Sijui nichague nguzo, kufukia au kuelea."

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni hapana, kikwazo kikubwa hakikuwa teknolojia. Tange alikwenda baharini kuwakimbia wenye viwanja. Huko akakuta bahari nayo ina wenyewe, na akakosa mtu wa kulipia barabara kuu kabla haijapata watu wa kuipita. Hayo mawili ndiyo yaliyoukwamisha mpango wake, na ndiyo yanayoikwamisha mingi ya leo. Ila mhadhiri wako aliharakisha mno. Vipande vya wazo lile vimejengwa Tokyo, vingine vikubwa ajabu. Kilichokosekana ni ule mpangilio uliokuwa ukiviunganisha kwenye karatasi.

Ili uelewe kwa nini mtu mwenye akili zake timamu achore mji juu ya maji, itazame Tokyo ya wakati ule. Mabomu ya 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mwaka 1946 Hideaki Ishikawa, aliyesimamia mipango miji katika serikali ya Tokyo, alitoa mpango wa kuujenga upya wenye mikanda ya kijani na barabara za upana wa mita 100. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini wenye viwanja walikuwa wamekwisha kurudi na kusimamisha vibanda vyao palepale penye majivu, na serikali haikuwa na fedha za kuwafidia. Mpango ukapunguzwa, ukapunguzwa tena, na zile barabara za mita 100 haikujengwa hata moja. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mji ulikuwa unakaribia watu milioni 10, idadi ambayo uliivuka mwaka 1962. Bei ya ardhi ilikuwa inapaa, na kupanua mtaa mmoja tu kulimaanisha kukaa kitako na mamia ya wamiliki. Wewe unayeishi Dar, uliyezoea kuona nyumba zenye X nyekundu ukutani zikisubiri fidia, huhitaji kuelezwa zaidi.

Ghuba, nayo, ilikuwa mbele ya mlango wa mji: pana, kina chake cha upande wa ndani si kirefu, na machoni mwa wapangaji haikuwa na hata hati moja. Tange hakuwa wa kwanza kuitamani. Mwaka 1958 Hisaakira Kano, aliyekuwa akiongoza shirika la nyumba la taifa, alipendekeza kufukia eneo kubwa la ghuba hiyo. Msanifu kijana Kiyonori Kikutake naye alikuwa akichora miji ya baharini. Wazo lilikuwa hewani. Alicholeta Tange ni umbo.

Mwenyewe alizaliwa 1913, na jina lilimjia kwa makumbusho ya amani ya Hiroshima yaliyokamilika 1955. Mwaka 1959 alikwenda Marekani kufundisha MIT, chuo kikuu cha teknolojia kilicho karibu na Boston, na huko akawapa wanafunzi wake zoezi: mji wa watu 25,000 juu ya maji ya bandari ya Boston. Aliporudi Tokyo aliukuza mchezo ule na kundi lake la Chuo Kikuu cha Tokyo. Katika kundi hilo alikuwamo Arata Isozaki, na alikuwamo Kisho Kurokawa. Wote wawili baadaye wakawa majina ya dunia nzima. Tarehe 1 Januari 1961 Tange alikaa mbele ya kamera za NHK, televisheni ya umma ya Japani, akawaeleza Wajapani mpango wao wa mji. Siku ya mwaka mpya, taifa limekaa sebuleni, linaelezwa habari za mpangilio wa barabara! Sijui sisi ni lini mpanga miji alipewa hata nusu saa baada ya taarifa ya habari.

Sasa uangalie mpango wenyewe, maana watu wengi huziona zile picha za majengo yanayofanana na mahema makubwa wakadhani ndiyo kiini chake. Tange alianza na hoja. Alisema mji wa duara, wenye kituo kimoja katikati na barabara zinazokimbilia hapo kutoka pande zote, una mwisho wake. Watu wakizidi, kila safari hupita katikati na katikati huziba. Mifano yake aliitoa kwenye biolojia: viumbe duni hujengeka kuzunguka kiini kimoja, wale wa ngazi ya juu wana uti wa mgongo. Kwa hiyo Tokyo ipewe uti. Ukitoka katikati ya mji wa zamani, uti huo ungeingia ghubani na kuvuka hadi upande wa Kisarazu, mkoa wa Chiba, na shughuli zote ambazo zilikuwa zinagombania katikati zingepangwa juu yake.

Uti wenyewe ulikuwa barabara za kasi zilizopangwa kama vitanzi vinavyoshikana, kila kitanzi na njia za ngazi tofauti, ili magari yaingie na kutoka bila makutano wala taa. Sehemu hiyo ilikuwa kazi ya Kurokawa. Ndani ya vitanzi kungekuwa na ofisi, na hapo mkono wa Isozaki unaonekana: minara iliyobeba lifti, ngazi na mabomba ingesimama kwa umbali wa mita 200 hivi, na sakafu za ofisi zingelazwa hewani kati ya mnara na mnara kama madaraja. Chini kunabaki wazi. Kisha kwenye matawi yanayotoka ubavuni mwa uti ndiko zingekuwa nyumba, yale mahema makubwa yenye mteremko pande mbili, juu ya majukwaa yaliyosimama baharini. Watu milioni 5 wangeishi huko.

Ona ujanja uliomo. Mji wa duara ukikua unavunja ulichokwisha kujenga. Mji wa mstari ukikua unaongeza kitanzi kimoja mbele, na cha nyuma kinaendelea na kazi. Dola ingejenga kilicho kikubwa na cha kudumu, yaani uti, minara na majukwaa; mwananchi angejenga kilicho kidogo na cha kubadilika juu yake. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo wazo la kudumu katika mpango ule, nalo halihitaji bahari. Lingeweza kukaa nchi kavu kama kungekuwa na nchi kavu ya kuchukuliwa. Bahari ilichaguliwa kwa sababu ya umiliki tu.

Nitataja udhaifu mmoja wa ndani kabla sijafika kwenye ile sababu ya nje. Tange aliuamini mno motokaa. Mwaka 1960 familia nyingi za Tokyo hazikuwa na gari, na mji ule ulikuwa unatembea kwa reli. Uliendelea kutembea kwa reli. Leo jiji pana la Tokyo na viunga vyake lina watu zaidi ya milioni 35, na wengi waliongezeka kuelekea bara, kufuata njia za treni, katika vitongoji kama Tama ambako wakazi wa kwanza wa mji mpya waliingia 1971. Yaani watu wale aliowachorea nafasi baharini walikuja kweli, tena wengi kuliko alivyotarajia. Walipanda treni wakaelekea upande mwingine.

Turudi kwenye wenyewe wa bahari. Kwenye ramani ya Tange ghuba ni nafasi nyeupe. Kwenye sheria ya Japani haikuwa nyeupe. Vyama vya wavuvi vilikuwa na haki za uvuvi zinazotambuliwa kisheria, eneo kwa eneo, na huwezi kusimika nguzo ndani ya eneo hilo bila kuwalipa au bila wao kuridhia. Kwenye maji mafupi ya ghuba ya Tokyo, hasa Omori, watu walikuwa wakilima mwani wa kula tangu zama za Edo (1603 hadi 1868), ule wanaouita nori. Mashamba ya mwani hupenda hasa yale maji ambayo mhandisi huyaita rahisi kufukia: ya kina kifupi, yaliyotulia, karibu na ufukwe. Mtu aliyewahi kusimama Paje au Jambiani, kule Unguja, maji yakiwa yamekupwa, akawaona akina mama wakifunga mwani kwenye kamba, anajua ninachosema. Pakiwa patupu kwa anayepita na ndege, si lazima pawe patupu kwa aliyepanda hapo.

Wavuvi wa upande wa Tokyo walikubali kuziachia haki zao mwaka 1962, baada ya mivutano mirefu na kwa fidia. Nenda mashariki kidogo, Urayasu, kijiji cha wavuvi wakati huo. Mwaka 1958 maji machafu ya kiwanda cha karatasi yaliua samaki na chaza, wavuvi wakakivamia kiwanda, kukawa na mapambano na polisi. Bahari ikiwa imekwisha kuchafuliwa, uvuvi ukadhoofika, na mwaka 1971 waliachia haki zote zilizobaki. Kufukia, kulikokwisha kuanza miaka ya 1960, kukaendelea. Eneo la Urayasu lilikuwa kilomita za mraba 4.4, leo ni karibu 17. Juu ya ardhi hiyo mpya kuna majumba ya ghorofa, na kuna Disneyland ya Tokyo iliyofunguliwa 1983. Kwa hiyo ukiambiwa baharini hakuna wa kufidiwa, uliza kwanza nani anavua hapo.

Kisha fedha. Mji wa mstari una tatizo ambalo mji wa duara hauna: uti lazima uwepo kwanza. Nyumba ya kwanza ya baharini haiwezi kukaliwa mpaka barabara, maji safi, maji taka na umeme vifike, na vyote hivyo vinapita juu ya kilomita za maji zisizo na mlipa kodi hata mmoja. Nani atabeba gharama hiyo kwa miaka yote ya kusubiri? Mpango wa Tange haukuwa na jibu la kuridhisha, na Tokyo ikatupatia jaribio lake bila kukusudia. Mwaka 1997 ilifunguliwa barabara ya Aqua-Line, inayovuka ghuba ileile kutoka Kawasaki hadi Kisarazu, palepale ambapo uti wa Tange ulikuwa ukilenga kufika. Urefu wake ni kilomita 15 hivi: karibu 9.6 ni handaki chini ya maji na 4.4 ni daraja, na zinapokutana pamejengwa kisiwa cha bandia kiitwacho Umihotaru, chenye maegesho na migahawa. Iligharimu takriban yeni trilioni 1.4. Ushuru wa gari dogo ulipofunguliwa ulikuwa yeni 4,000 kwa kuvuka mara moja, na magari yakawa machache kuliko yaliyotarajiwa. Mwaka 2009 wenye kifaa cha kulipia kwa elektroniki walianza kuvuka kwa yeni 800, tofauti ikibebwa na fedha za umma, na hapo ndipo barabara ikaanza kujaa na Kisarazu ikachangamka. Huo ni mstari mmoja tu, bila ofisi, bila minara, bila nyumba za watu milioni 5, tena umejengwa na Japani tajiri ya miaka ya 1990. Pigia hesabu yake mwaka 1960.

Lakini nilisema vipande vilijengwa. Cha kwanza kilikuja upesi, na kinathibitisha hoja yangu ya umiliki kuliko kitabu chochote. Tokyo ilipokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya 1964 ilihitaji barabara za kasi haraka, na haikuwa na muda wa kukaa na wamiliki. Ikazipitisha juu ya mito na mifereji ya mji. Serikali ndiyo yenye mfereji, kwa hiyo hakuna wa kumfidia. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Desemba 1962. Mwaka 1963 barabara ikapita juu kabisa ya Nihonbashi, daraja la kihistoria ambalo umbali wa barabara za Japani hupimwa kuanzia hapo, ikalifunika. Sasa wanatumia mabilioni kuizamisha sehemu hiyo ardhini ili daraja lione jua. Kazi inatarajiwa kumalizika karibu mwaka 2040. Maji yaliyoonekana ya bure miaka ya 1960 yanalipiwa na wajukuu. Daraja la Tanzanite hapo kwenu, lililofunguliwa 2022 na lenye urefu wa kilomita 1 hivi, limepita juu ya bahari kati ya mitaa ambayo ardhi yake ni ghali kupindukia. Sisemi ni kosa. Nasema ni mantiki ileile, na kwa mradi wako ingefaa uipime.

Vipande vingine ni vya kufukia. Tokyo imefukia bahari tangu siku za Tokugawa Ieyasu, mtawala wa kijeshi wa mwanzoni mwa karne ya 17, aliyeijaza ghuba ndogo ya Hibiya iliyokuwa ikifika karibu na ngome yake. Katika karne ya 20 kazi ikawa kubwa zaidi, na sehemu ya kifusi ilikuwa takataka za mji wenyewe. Kisiwa cha Yumenoshima kilikuwa jalala. Mwaka 1965 nzi waliozaliana pale walivamia mitaa ya jirani hadi majeshi ya zimamoto yakachoma taka. Leo ni bustani na viwanja vya michezo. Odaiba, palipojengwa ngome za mizinga baada ya meli za kivita za Kimarekani za kamanda Perry kutia nanga 1853, imepanuliwa ikawa kitongoji kizima cha maofisi na maduka. Na ukifika Odaiba utaliona jengo la televisheni ya Fuji lililokamilika 1996: nguzo nene za pembeni, madaraja ya ofisi kati yake, mpira mkubwa wa titani juu. Aliyelisanifu ni Kenzo Tange. Alifika baharini mwishowe, akiwa na miaka zaidi ya 80, jengo moja badala ya mji.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni njia ya nne ya ndege ya uwanja wa Haneda, iliyoanza kutumika Oktoba 2010. Imekaa kwenye mdomo wa mto Tama. Wangeifukia yote, wangeuziba mto. Kwa hiyo jukwaa lake la mita 3,120 limegawanywa: takriban mita 2,000 ni ardhi ya kufukiwa, na mita 1,100 zilizobaki, upande wa mto, zimesimama juu ya miguu ya chuma ili maji yapite chini yake. Ndege kubwa zinatua juu ya nguzo zile. Basi usiniambie nguzo haziwezi kubeba nyumba.

Hapa nikuonye kuhusu udongo, kwa sababu wanafunzi wa mipango hupenda kuwaachia wahandisi jambo hilo. Ardhi ya kufukiwa hutitia. Uwanja wa ndege wa Kansai, uliofunguliwa 1994 juu ya kisiwa cha bandia karibu na Osaka, umeshuka takriban mita 13 tangu walipoanza kumwaga kifusi, kwa sababu chini ya ghuba ile kuna matabaka mazito ya mfinyanzi laini unaoendelea kuminywa. Walijua utashuka, umeshuka kuliko walivyokadiria. Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliufurika, na meli ya mafuta iliyoburuta nanga ikaligonga daraja lake pekee la kuunganisha na nchi kavu, maelfu ya abiria wakakwama. Mji wenye uti mmoja una daraja moja la kugongwa. Tange alitangaza mpango wake chini ya mwaka mmoja na nusu baada ya kimbunga cha ghuba ya Ise, Septemba 1959, kilichoua watu zaidi ya 5,000 eneo la Nagoya, wengi kwa maji ya bahari yaliyopanda. Sijawahi kuelewa vizuri namna michoro ile ilivyotulia hivyo mbele ya habari hiyo.

Na Urayasu? Machi 2011 tetemeko kubwa lilitokea mbali kabisa, baharini upande wa Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani. Urayasu haikupigwa na tsunami. Lakini katika zaidi ya asilimia 80 ya eneo la mji, mchanga uliojaa maji uligeuka uji: nguzo za umeme ziliinama, mashimo ya maji taka yakachomoza barabarani, nyumba zikalala upande, wakazi wakakaa wiki kadhaa bila mabomba. Kile kijiji cha zamani, kilichokuwa nchi kavu kabla ya kufukiwa, hakikuathirika hivyo. Disneyland yenyewe ilisalimika kwa kuwa udongo wa chini yake ulishindiliwa mapema; maegesho yake, ambayo hayakushindiliwa, yalipasuka. Tofauti ni fedha iliyozikwa mahali ambapo mteja haioni, na mwenye mradi akibanwa kitu cha kwanza anachokata ni hicho.

Kuna na deni la mchanga. Sehemu ya mchanga wa kufukia ilinyonywa kutoka kwenye sakafu ya ghuba yenyewe, yakabaki mashimo. Maji yaliyokosa hewa hukusanyika humo, na upepo wa kutoka bara ukivuma huyapandisha juu, bahari ikageuka rangi ya samawati ya maziwa na chaza wakafa kwa wingi. Tambarare za matope ambazo zilikuwa zikisafisha maji ya ghuba zimefukiwa karibu zote. Moja kubwa iliyosalia ni Sanbanze, na imesalia kwa sababu mwaka 2001 gavana wa Chiba, Akiko Domoto, alifuta mpango wa kuifukia.

Sasa swali lako la pili: leo kwa nini miji isitoke? Inatoka, pale ambapo bei ya ardhi inaweza kulipa bili yote hiyo. Monaco ina kilomita za mraba 2 tu. Desemba 2024 ilizindua mtaa wa Mareterra, hekta 6 zilizotwaliwa baharini, zikizungukwa na makasha 18 ya zege yenye uzito wa tani 10,000 hivi kila moja. Gharama ilikuwa takriban euro bilioni 2. Walihamisha hata majani ya bahari yaliyokuwa yakiota pale. Kazi nzuri sana, na nyumba zake zinanunuliwa na watu wachache wenye fedha nyingi kupita kiasi. Lagos nayo inajenga Eko Atlantic, kilomita za mraba 10 hivi nyuma ya ukuta wa mawe na zege, wakati ng'ambo ya mji huohuo watu wa Makoko wameishi juu ya nguzo za mbao kwa vizazi, bila kuombwa ushauri na yeyote. Mradi wa baharini ukilipwa na wanunuzi, utajenga kwa ajili ya wanunuzi. Tange alitaka kujenga kwa ajili ya watu milioni 5 wa kawaida, na hilo linawezekana tu mlipaji akiwa dola.

Mradi wako. Kuelea kunavutia, na najua utaona picha nyingi. Kikutake alipata nafasi ya kujenga kipande cha ndoto yake, Aquapolis, jukwaa la mita 100 kwa 100 kwenye maonyesho ya bahari ya Okinawa mwaka 1975. Baadaye lilikosa kazi, na mwaka 2000 likaburutwa hadi China kukatwa vyuma chakavu. Kinachoelea huhitaji matengenezo daima, na mji hauwezi kuingia chelezo kama meli. Kufukia ningekuepusha nako penye mikoko, matumbawe au mdomo wa mto. Zinabaki nguzo, na kwa kazi ya mwanafunzi ndizo zenye mengi ya kujifunza: maji yanapita, samaki wanapita, na ukikosea unaweza kung'oa. Ila usinakili michoro ya Tokyo wala ya Monaco, kwa sababu ya jambo ambalo wavuvi wa Kigamboni wanalijua kwa miguu yao. Monaco maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita. Tokyo ni kama mita 2. Pwani yetu, wakati wa bamvua, ni mita 3 hadi 4. Jukwaa lako litakaa juu sana likitazamwa maji yakikupwa, sehemu ya nguzo inayoloa na kukauka kila siku, ambako chuma huliwa haraka kuliko kwingine, itakuwa ndefu maradufu ya ile ya Tokyo, na chini ya jukwaa kwa saa kadhaa kutakuwa na matope ambayo watu wanatembea, wanachimba chambo na wanaegesha ngalawa. Pachore hapo pia, maana ni sehemu ya mtaa.

Na ukiamua kipande kimoja kielee, gati dogo kwa mfano, anza na hesabu ya njia ya kushukia. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mteremko usiozidi 1 kwa 12. Tofauti ya maji ikiwa mita 4, njia hiyo ni mita 48. Ichore kwanza, uone kama inaenea kwenye kiwanja chako, ndipo uchore kingine chochote.